Mhandisi Asome Historia, Wakili Asome Udongo

Mwaka 1978, nyanda za Athi na Kaputiei, zinazoanzia mpaka wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na kupitia Kitengela kuelekea Isinya, zilikuwa na nyumbu zaidi ya 26,000. Mvua ikinyesha walishuka kusini kwenye nyasi fupi zenye lishe, wakazalia huko, na kiangazi kilipokaza wakarejea mbugani kwenye maji. Kufikia 2011 hawakuzidi 3,000. Abiria anayepanda matatu leo kutoka Athi River kwenda Kajiado haoni dalili yoyote kwamba njia ya wanyama iliwahi kukatiza pale. Anaona majengo ya ghorofa, vituo vya mafuta, kuta za mawe, seng'enge, na mabango yanayotangaza ploti za hamsini kwa mia.

Hakukuwa na mwovu mmoja aliyepanga hayo. Sheria ya ranchi za jamii ya 1968 iliwapa wafugaji wa Kajiado hati ya pamoja. Miaka ya 1980 wanachama wengi wakaomba kila mtu apewe chake, na ranchi ya Kitengela ikawa miongoni mwa zilizogawanywa. Walikuwa na sababu nzito. Waliogopa ardhi ya pamoja isije ikanyakuliwa na wachache, na mtu asiye na hati yake hakupata mkopo benki. Soroveya akaja akapima, na mawe ya mpaka akayaweka mahali pake barabara. Wakili akaandika mikataba ya mauziano isiyo na dosari. Ofisa wa mikopo akakadiria thamani. Mhandisi akachora barabara na mitaro. Kila mmoja alikuwa na cheti chake, na kila mmoja alifanya kazi aliyofundishwa. Hakuna aliyefundishwa kuuliza swali la fani ya jirani yake: maji ya mvua yatapita wapi, ng'ombe watalisha wapi mwaka wa ukame, na mjukuu wa muuzaji ataishi wapi.

Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba kila mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya asome, kwa lazima na kwa mtihani unaohesabika, masomo kadhaa yaliyo nje kabisa ya fani yake kuu. Wapo wanaoliona hili kuwa pambo la elimu, kitu cha watoto wa matajiri wasio na haraka ya kazi. Mimi naliona kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Mtu anayejua jambo moja tu hawezi kujua kazi yake inamwangukia nani.

Tuanze na historia. Mwanafunzi wa sheria katika nchi hii hukutana mapema na kesi ya Ole Njogo ya 1913. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, wakaahidiwa Laikipia, kisha kwa mkataba wa 1911 wakaondolewa Laikipia pia na kusukumwa kusini, kwenye ardhi ambayo leo ni kaunti za Kajiado na Narok. Walikwenda mahakamani kwa njia ya amani. Mahakama ikawajibu kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya dola na dola, hivyo haikuwa na mamlaka ya kuisikiza kesi yao. Wakili wa leo anaifahamu hukumu hiyo kwa sababu ilikuwa kwenye mtihani wake. Lakini soroveya, mpangaji wa miji na mhandisi wa maji wanaotumwa Kajiado kila mwaka wengi wao hawajawahi kuisikia. Wanafika na ramani zao, wanaitisha kikao cha wananchi kuhusu bomba au barabara, na wanashangaa kikao kinapoacha bomba na kuingia kwenye mambo ya 1911. Wanarudi ofisini wakisema watu wa kule ni wagumu. Muhula mmoja wa historia ya ardhi ungewaonyesha kwamba mzee anayeng'ang'ania kuiona hati kwa macho yake ana kumbukumbu nzuri ya yaliyompata babu yake.

Wakili naye ana deni lake. Sehemu kubwa ya Kitengela imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwenye udongo huo msingi wa nyumba unahitaji kuchimbwa kwa namna yake, na maji hayanyonywi upesi. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliingiza maji nyumbani mwa watu Kitengela na Athi River, na wengi wao walikuwa na hati miliki halali, zilizoshughulikiwa na mawakili halali. Hati ilisema ukweli kuhusu mwenye ardhi na haikusema neno kuhusu ardhi yenyewe. Wakili aliyewahi kusoma muhula mmoja wa jiografia ya maji angemshauri mteja wake vingine kabla hajatia sahihi.

Nitakaa kidogo kwenye suala la maji, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapogusa miili ya watoto. Maji ya visima vya Kitengela yana chumvi. Kila mkazi anajua tofauti ya maji ya chumvi na maji matamu, na anajua bei ya kila moja. Baadhi ya visima vya Kajiado vina shida kubwa zaidi isiyojulikana kwa ulimi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi kwenye maji yaliyo chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekua akinywa maji yanayopita kikomo hicho kwa mbali huota meno yenye madoa ya hudhurungi ambayo mswaki hauyaondoi, na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huumiza mifupa.

Sasa tazama ni fani ngapi zimekizunguka kisima kimoja. Mjiolojia anajua mwamba. Mhandisi anajua pampu na kina. Daktari wa meno anaona madoa miaka kumi baadaye, mjini, wala hajui kisima kiko wapi. Mkemia anajua kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe hunasa floraidi; mbinu hiyo imetumika Nakuru kupitia mradi wa Dayosisi ya Kanisa Katoliki. Lakini kumshawishi mama awape wanawe maji yaliyochujwa kwa mifupa ni suala la imani na mila, na mkemia hakufundishwa kuzungumza na imani ya mtu. Kisima kinazinduliwa, utepe unakatwa, watu wanashangilia kwa haki kwa sababu wameteseka na kiu. Baada ya miaka kumi tunawatazama watoto wakicheka huku wameziba midomo kwa viganja. Simlaumu mhandisi. Nalaumu ratiba ya masomo iliyompeleka miaka mitano chuoni bila hata siku moja kuketi na mtu wa afya ya umma.

Mahali ambapo jambo limefaulu hapa kwetu, ukichunguza utakuta mtu aliyevuka mpaka wa fani yake. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kitengela ili waache ardhi yao wazi, bila ua wala kuiuza, wanyama na ng'ombe wapite. Kiwango kilikuwa karibu shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka. Si fedha nyingi. Kilichoupa mpango huo nguvu ni tarehe: malipo yaligawanywa mara tatu, yakatolewa shule zinapofunguliwa. Mtaalamu wa wanyama peke yake asingefikiria hilo. Ilihitajika akili iliyojua kwamba familia ya mfugaji huuza ng'ombe, au kipande cha ardhi, pale karo inapodaiwa, na kwamba nyumbu hupotea wiki ile ile mtoto anaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Ekolojia ilikutana na daftari la matumizi ya nyumbani, na kwa miaka kadhaa ardhi kubwa ikabaki wazi. Mpango huo haukuweza kushindana na bei za ploti milele, lakini bila huo kingebaki kidogo kuliko hiki kilichopo.

Hata taa za simba zilizaliwa hivyo. Richard Turere alikuwa mvulana wa Kimaasai anayeishi kusini mwa mbuga, upande usio na ua, akichunga ng'ombe wa baba yake tangu alipokuwa na miaka tisa. Simba waliwala ng'ombe usiku. Alijaribu moto, ukawasaidia simba kuona. Akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea usiku wa pili. Kisha akagundua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea, kwa sababu mwanga unaotembea una mtu nyuma yake. Akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha kuwakisha taa za kona za pikipiki, balbu za tochi zilizovunjika na paneli ya sola, akazifanya taa ziwake na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma. Alikuwa na miaka 11. Mwaka 2013 aliieleza dunia jambo hilo jukwaani Marekani, mwaka mmoja baada ya wakazi wenye hasira kuwaua simba sita Kitengela. Uvumbuzi ule ulihitaji tabia ya simba na nyaya za umeme kwa pamoja, na mtoto yule hakuwa amefika mahali pa kuambiwa kwamba simba ni wa kitivo kimoja na umeme ni wa kitivo kingine.

Ukuta huo unaotenganisha fani tuliupokea, na unafaa kujulikana ulikotoka. Tume ya Asquith ya 1945 ilipendekeza vyuo vya makoloni ya Uingereza vifungamanishwe na Chuo Kikuu cha London. Makerere ikaingia kwenye uhusiano huo 1949. Chuo cha Kifalme cha Nairobi kikafuata 1961, na hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Shahada ya London wakati huo ilikuwa nyembamba kwa makusudi: mtoto alichagua masomo matatu kidato cha tano, kisha moja au mawili chuoni. Waingereza walikuwa na sababu zao, na shule zao za sekondari zilikuwa na maktaba. Kwetu wembamba huo ulizaa maofisa wa kujaza nafasi za mkoloni anayeondoka, kila mmoja kwenye dawati lake. Mfumo wa 8-4-4 ulipowaleta wanafunzi wake wa kwanza vyuoni mwaka 1990, kidato cha tano na sita kikiwa kimeondolewa, shahada iliongezwa mwaka mmoja. Tulipata nafasi ya kuipanua, na tukaijaza kwa yuniti za pamoja, ambazo nitazirudia.

Wenzetu wa Afrika walijaribu kwa nguvu zaidi. Dar es Salaam, baada ya mgogoro wa Oktoba 1966 ambapo mamia ya wanafunzi walifukuzwa kwa kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na baada ya Azimio la Arusha miezi michache baadaye, chuo kiliitisha mkutano Machi 1967 kujiuliza kinamfundisha nani na kwa ajili gani. Kutokana na mjadala huo masomo ya maendeleo yakawa ya lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au wa tiba, na mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo kuyasimamia. Hadi leo wanafunzi wa fani zote pale huyasoma. Wapo waliolalamika kwamba yalikuwa siasa ya chama iliyovishwa joho, na kwa miaka fulani lalamiko hilo lilikuwa na uzito. Hata hivyo daktari wa Tanzania aliyepita pale aliwahi kulazimika kuandika insha kuhusu umaskini wa mkulima wa pamba. Nigeria nayo, Chuo Kikuu cha Nsukka kilipofunguliwa 1960 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, kiliingiza masomo ya jumla tangu mwanzo, na vyuo vingine vya nchi hiyo vikafuata.

Sisi tuna mfano wetu mkubwa kuliko hiyo yote. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960 pamoja na mamia ya vijana wa Kenya katika safari zile za ndege zilizohangaikiwa na Tom Mboya. Akasoma chuo kidogo cha watawa wa Kibenedikto, jimbo la Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, na masomo yake ya pembeni yalikuwa kemia na Kijerumani. Kijerumani, kwa binti wa Nyeri aliyetaka kusoma viumbe! Nina hakika wapo waliomwuliza kitamsaidia nini. Miaka michache baadaye alikuwa Giessen na Munich akifanya utafiti wa shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Nairobi mwaka 1971. Naamini alichokipata kule Kansas kilizidi lugha: alizoea kuchukua swali la upande mmoja na kulipeleka upande wa pili. Alipowasikiliza wanawake wa vijijini wakilia juu ya kuni, maji na chakula, aliusikia ukataji wa miti na mmomonyoko wa udongo ndani ya kilio hicho. Mwaka 1977 wakaanza kupanda miti. Mtaalamu wa anatomia ya wanyama aliyebaki ndani ya maabara yake angekuwa profesa mzuri, na msitu wa Karura ungekuwa mtaa wa majumba.

Wala jambo hili si la kuazima Marekani. Mwanachuoni wa Lamu, Mombasa au Unguja hakupewa jina hilo kwa kujua fani moja. Alisoma fiqhi, nahau, mantiki, mirathi na falaki. Kugawa urithi kwataka sheria na hesabu za sehemu kwa wakati mmoja: mke mwenye watoto thumni, mama sudusi, binti wa pekee nusu. Kuujua upande wa kibla na nyakati za swala kwataka elimu ya nyota. Sheikh asiyejua kugawanya sehemu angeweza kumdhulumu yatima bila kukusudia. Kwa Wamaasai nako, kijana anayetarajiwa kuwa msemaji wa rika lake hujifunza malisho, miti ya dawa, ukoo wa watu, ukoo wa ng'ombe na adabu ya kusema mbele ya wazee, na hakuna anayemwambia achague moja.

Nilisema nitazirudia yuniti za pamoja, maana najua msomaji aliyepita chuoni ameshaanza kunijibu kwamba mambo haya yapo. Yapo kwa jina. Karibu kila chuo cha umma kina stadi za mawasiliano, VVU na Ukimwi, misingi ya falsafa au fikra makini, masomo ya maendeleo. Nimewahi kufundisha darasa la namna hiyo kama mhadhiri wa muda, na nililia nalo moyoni muhula mzima. Ukumbi wa wanafunzi mia kadhaa, kipaza sauti kinakatakata, walio nyuma hawasikii. Maelezo yale yale yanayopitishwa kwenye simu kutoka darasa hadi darasa, mwaka hadi mwaka. Mtihani wa kuorodhesha sifa tano za hiki na umuhimu wa kile. Mhadhiri anayelipwa kwa saa, tena kwa kuchelewa, asiye na ofisi wala muda wa kusoma insha mia nne, kwa hiyo haagizi insha. Wanafunzi wanajua somo hilo halina heshima, wanalipita, wanalisahau.

Hilo limetuletea hasara mara mbili. Muda umepotea, na vijana wamefundishwa kwamba kila kilicho nje ya fani yao ni upuuzi. Mwanafunzi wa uhandisi anayekutana na falsafa kwa njia hiyo atakwenda nayo dharau hiyo maisha yake yote, mpaka kwenye kikao cha wananchi kule Bissil, Kajiado.

Ninachotaka ni tofauti, na hakihitaji majengo mapya. Yuniti za pamoja zifutwe. Nafasi zake, saa zile zile na karo ile ile, zichukuliwe na masomo halisi ya idara nyingine, anayoyachagua mwanafunzi mwenyewe kwa sharti moja: yatoke upande wa pili. Wa sayansi aende kwa binadamu, iwe historia, fasihi, uchumi, dini, lugha. Wa sheria, biashara na fasihi aende kwenye takwimu, udongo, afya, kompyuta. Akae na wenye fani hiyo darasani mwao, asome wanachosoma mwaka wa kwanza, aandike wanachoandika, apewe alama inayoingia kwenye shahada yake. Na moja kati ya masomo hayo liwe la mahali. Wanafunzi wa uhandisi, sheria, uuguzi na ualimu waketi pamoja muhula mzima juu ya kisima kimoja cha Kajiado au mtaro mmoja wa Kitengela: wapime maji, wasome hati, wahesabu gharama, waongee na wanaoyanywa, kisha waandike ripoti moja kwa Kiswahili ambayo diwani wa wadi ile na wapiga kura wake wataisoma. Hilo la ripoti nalisisitiza. Tuna maktaba zilizojaa tasnifu kuhusu Kajiado ambazo mtu wa Kajiado hajawahi kuziona.

Wapo watakaopinga, na baadhi yao nawaheshimu. Wa kwanza ni mzazi. Tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo utangazwe 2023, karo imekuwa gumzo kila nyumba, na baba aliyeuza fahali hataki kusikia kwamba bintiye wa uuguzi anasoma historia. Kwake nasema: hatalipa hata shilingi zaidi, kwa kuwa masomo haya yanachukua nafasi ya yale ambayo tayari anayalipia bure. Wa pili ni bodi za taaluma. Bodi ya Wahandisi na Baraza la Elimu ya Sheria wana orodha zao ndefu za lazima, na wana haki ya kuogopa daraja litakaloanguka. Lakini madaraja machache huanguka kwa sababu mhandisi alisoma muhula mmoja wa uchumi. Miradi mingi hukwama kwa sababu ya ardhi, kesi, mazingira na watu waliokasirika, mambo ambayo orodha hizo zinayagusa kwa kidole.

Wa tatu ni mwajiri, anayesema anataka ujuzi. Na atembee nami Kitengela Jumamosi moja. Kijana aliyesomea fizikia anauza ploti. Aliyesomea ualimu wa historia anasimamia duka la pembejeo. Wa kilimo yuko benki, wa sosholojia yuko kwenye kampuni ya simu, na wa uhandisi wa umeme amefungua shule ya chekechea na mkewe, inakwenda vizuri. Maisha yameshawavusha mipaka ya fani zao bila kuwauliza. Chuo kilichowaandaa kwa dawati moja tu kiliwanyima kitu walichokihitaji siku ya pili baada ya mahafali. Na tusisahau ni wangapi hawakuichagua hata hiyo fani moja: waliomba hiki, mfumo wa KUCCPS wa kuwapangia wanafunzi vyuo ukawapeleka kile kulingana na alama na nafasi. Kwa mwanafunzi kama huyo, somo la nje ya fani laweza kuwa mlango pekee wa kulifikia lile alilolipenda.

Wakati wa kuamua ni sasa. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia shule ya upili ya juu, wakagawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Ni watoto wa miaka 15 hivi. Mwaka 2025 kulizuka mjadala mkali wa wazazi na wataalamu hadi hisabati ikarudishwa kuwa ya lazima kwa wote, na ninawashukuru waliopiga kelele. Hata hivyo mgawanyo umeingia mapema kuliko ilivyokuwa kwetu tuliosoma 8-4-4, na mambo yakienda kama yalivyo, mtoto aliyeingia mkondo wa sayansi Kitengela mwaka huu anaweza kufika umri wa kuoa bila kusoma tena ukurasa wa historia ya ardhi anayoishi. Mwenzake wa sayansi za jamii atakuwa diwani au hakimu asiyejua kwa nini maji ya kisima fulani yanaharibu meno.

Watafika vyuoni mwaka 2029. Mitaala ya vyuo huchukua miaka kuandikwa na kuidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo kazi ianze mwaka huu. Naviomba kwanza vyuo vilivyo jirani na nyanda hizi: Daystar kule Athi River, ambacho tangu zamani kimeamini elimu pana, chuo kikuu kiitwacho Umma huko Kajiado, ambako sharia ya Kiislamu na kompyuta ziko chuo kimoja, Africa Nazarene pale Ongata Rongai. Hamhitaji ruhusa ya mtu kuanza na somo moja la pamoja juu ya kisima kimoja. Nanyi wazazi mtakaoalikwa siku ya kupokea wanafunzi wapya, mkimaliza kuuliza karo na malazi, ulizeni na hili: mwanangu atasoma nini kisichokuwa chake?